Risasi Nyuma ya Ukuta

Mama mkwe alikuja Igoma mimba yangu ilipokuwa imeanza kuonekana hata kwa wasiopenda umbea. Alishuka melini na mkungu wa ndizi, kopo la samli na nia ya kukaa. Hiyo nia ndiyo iliyokuwa nzito kuliko mizigo yote. Mume wangu, ambaye ni mwalimu wa hesabu, alimpokea bandarini na kumleta nyumbani. Akatutazama sisi wawili tulivyokuwa tunatabasamu, kisha akakumbuka kwamba ana mitihani ya kusahihisha shuleni. Sijawahi kuona shule yenye mitihani mingi kama ile.

Mimi ni Msukuma wa Usagara, nimekulia ugali na maziwa mgando. Yeye ni Mhaya wa migombani. Alimsomesha mwanawe kwa kahawa aliyoianika kwa mikono yake, na nadhani alikuwa amemwazia mke wa aina nyingine kidogo. Hakunitukana hata siku moja. Alikuwa na njia yake. Akionja mchuzi wangu alifumba macho, akakaa kimya kama anayesikiliza redio ya mbali, halafu akasema, "Eee. Umejitahidi, mwanangu."

Mayai alinikataza, eti mtoto atazaliwa kipara. Nikawa nayanunua ya kuchemsha kwa wachuuzi wapitao barabarani, nayala nimesimama nyuma ya tangi la maji, maganda nafukia kwa kisigino. Asubuhi moja aliokota ganda moja, akaliinua kwenye mwanga.

"Hapa kwenu," akasema, "kuna kuku anayetaga maganda matupu."

Nikajibu kwamba huenda ni kuku wa jirani. Jirani tulikuwa naye kweli, ila hakufuga kuku. Ukuta wa nyuma ya nyumba yetu ndio uliotenganisha ua wetu na wa kwake, na yeye kazi yake ilikuwa kuyeyusha betri kuukuu za magari. Alizipasua kwa shoka, akamwaga maji yake chini, akatoa vile vyuma vya ndani na kuviyeyusha kwenye sufuria juu ya moto wa mkaa. Uji mzito wa rangi ya fedha aliumimina kwenye kalibu za udongo, ukapoa ukawa vipande vidogo vyenye tundu katikati. Wavuvi walivinunua mialoni kote, wakavifunga kwenye nyavu ili zizame. Alikuwa mtu mwema, mcheshi, na kila tulipokutana alinitania kwamba samaki wote wa ziwa hili wanapita kwake kwanza.

Moshi wake ulipita kwetu. Ulikuwa na ladha, si harufu tu, ukikaa ulimini kama umelamba sarafu. Nguo nilizoanika zilirudi na vumbi la kijivu, na kichwa kiliniuma kila alipowasha. Mimi nilidhani ni mimba. Siku hizo kila kitu nilidhani ni mimba.

Mke wake alikuwa rafiki yangu. Alikuwa na mtoto wa kiume wa kama miaka mitatu, aliyezaliwa mdogo hivi kwamba, alivyoniambia mwenyewe, aliogopa hata kupepesa macho asije akapotea kwenye khanga. Sasa alikuwa anatembea na kucheza uani, lakini alikuwa hasemi. Akitaka kitu alikuvuta kidole hadi kilipo. Mama yake alikuwa akisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulisema sana, kwamba wavulana huchelewa.

Siku yangu ya kliniki, mama mkwe alivaa gauni lake la kanisani na kutangaza kwamba tunakwenda wote. Nesi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani ya kuning'inia na uso wa mtu asiyependa kuzungushwa. Akanipima presha. Akatazama mashine, akanitazama mimi, akapima tena.

"Iko juu kidogo. Nyumbani kuna jambo linalokusumbua?"

Mama mkwe alikuwa ameketi ubavuni kwangu, mkoba magotini, akisubiri jibu pamoja na nesi. Mimi nikatazama bango la kunyonyesha ukutani. Lilikuwa bango zuri.

"Hakuna," nikasema.

Nesi akavua miwani. "Shikamoo mama," akamwambia mama mkwe, kana kwamba ndiyo kwanza amemwona. "Naomba utusubirie pale nje kwenye benchi. Nataka kumpima mahali pengine."

Mama mkwe akatoka. Hatukupima mahali pengine popote. Nilimwaga yote: mchuzi, mayai, mume anayesahihisha, usingizi ninaouwinda bila kuupata. Nesi hakucheka, ingawa pale kwenye kuku alikohoa. Akanieleza kwamba mawazo yakimkalia mjamzito kwa muda mrefu hayaishii kichwani. Mwili unakaa kama unaojiandaa kukimbia kila saa, presha inapanda, na mtoto anaweza kuja kabla ya wakati wake au akaja mwembamba. Kisha akaniuliza ninaishi wapi, napikia nini, nyumba imezungukwa na nini. Nilipofika kwenye betri aliweka kalamu chini, na sauti yake ikapanda bila yeye kujua.

"Ile ni risasi! Iko nyuma ya ukuta wenu na wewe umekaa tu? Risasi ikiingia kwenye damu yako, kondo la nyuma haliizuii. Inapita moja kwa moja mpaka kwa mtoto tumboni. Inamharibia ubongo. Huyo jirani lazima aache!"

Mlango wa chumba kile ulikuwa wa mbao nyepesi, na benchi la kusubiria limeegemea papo hapo. Nilipotoka nilimkuta mama mkwe amesimama, mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili. Hakuniuliza nesi kasema nini. Baadaye ndipo nilipojua kwamba alikuwa amekwisha kusikia mlangoni. Njia nzima alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na tulipofika nyumbani aliniambia nisikae upande wa ukuta.

Nikadhani ni miiko yake. Kwa hiyo jioni ile, alipoingia chumbani na simu na kuanza kuongea Kihaya kwa sauti ya chini na binti yake anayeishi Buswelu, sikutega sikio. Laiti ningetega, hata kwa Kihaya changu cha kuokoteza.

Kesho yake mchana nilisikia kelele upande wa pili wa ukuta. Nilitoka kwa mwendo wangu wa bata, nikazunguka hadi getini kwa jirani. Mtaa mzima ulikuwa pale. Mbele alikuwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, amevaa koti ingawa jua lilikuwa kali, na nyuma yake mgambo wawili wenye virungu. Kando yao, wima kama nguzo, alikuwa mama mkwe.

Jirani alikuwa amechuchumaa mbele ya sufuria yake, akashangaa ugeni.

"Karibu, mwenyekiti. Kulikoni?"

"Kuna taarifa," alisema mwenyekiti, na sauti yake haikuwa imara sana. "Inasemekana humu ndani una risasi. Ni kweli au si kweli?"

"Kweli kabisa," jirani akajibu kwa furaha ya mfanyabiashara. "Unataka kiasi gani?"

Umati ukarudi nyuma. Mgambo mmoja akaangalia mwenzake atangulie.

"Umesema unauza?"

"Sasa nitakula nini, mwenyekiti? Wiki iliyopita nimepeleka gunia zima mwaloni. Wateja wangu ni wengi, mpaka Ukerewe."

"Mnasikia!" mama mkwe akapaza sauti. "Gunia zima! Na analenga upande wetu! Nesi mwenyewe amesema itapita ukutani mpaka tumboni kwa mjukuu wangu!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikatamani kumwokoa mama mkwe, nikatamani kumwokoa jirani, na zaidi ya yote nikatamani kioja kile kisiishe haraka. Nilishika tumbo, nikaegemea geti. Jirani aliingia stoo, umati ukainama, akatoka na gunia mabegani. Akalifungua na kumwaga mbele ya viatu vya mwenyekiti lundo la vizamisho vya nyavu.

Halafu mmoja wa wale mgambo, ambaye alikulia kisiwani, akaokota kimoja, akakitupa na kukidaka.

"Mwenyekiti, hii ni risasi ya nyavu," akasema. "Ile madini. Haina bunduki."

Sijawahi kuona watu wakicheka vile. Mwenyekiti alicheka mpaka akavua koti. Jirani alikaa chini kabisa. Mimi nilicheka mpaka mtoto akanipiga teke la kunionya. Mama mkwe peke yake alisimama, kidevu juu, akisubiri wamalize kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Halafu nikaona kwamba hayuko peke yake. Mke wa jirani alikuwa amesimama mlangoni kwake, mtoto ameshikilia sketi yake, na yeye naye alikuwa hacheki.

"Jirani," akaniita. "Hebu niambie. Nesi alisema nini hasa?"

Watu wakaendelea kucheka kidogo, kisha wakapungua. Sikupenda kusema mbele ya wote, lakini macho yake hayakuniachia. Nikamweleza yote, hata yale ambayo nesi aliyasema baada ya kushusha sauti: madini yale yanaingia kwa moshi na vumbi, yanakaa mwilini, yanampita mama mpaka kwa mtoto. Mtoto anaweza kuzaliwa mdogo. Anaweza kuchelewa kusema.

Hakulia. Alimtazama mume wake tu. Jirani alikuwa bado ameketi chini katikati ya bidhaa zake, na kile kicheko kikamtoka usoni taratibu, kama kilivyokuwa kikipoa kile chuma chake.

"Mimi sikujua," akasema.

"Najua hukujua," mkewe akajibu. "Zima moto."

Akauzima.

Mama mkwe ndiye aliyevuka ua, akapiga magoti kwa taabu na kumbeba yule mtoto. "Huyu anaoga sasa hivi," akasema. "Na baba yake hamshiki mpaka naye ameoga na kubadili nguo. Mwenyekiti, wewe badala ya kucheka, kamtafutie huyu kijana mahali pa kazi pasipo na watu." Mwenyekiti, aliyekuja kukamata silaha, akajikuta anasema ndiyo mama.

Siku chache baadaye mama mkwe alitoweka asubuhi akiwa amevaa lile gauni la kanisani. Aliporudi aliketi, akaanza kumenya ndizi.

"Nimekwenda kwa yule nesi," akasema mwishowe. "Nilimwambia ile sehemu ya mwanzo sikuisikia vizuri pale mlangoni."

Nikajua ni sehemu gani. Nikatamani dunia inimeze pamoja na tumbo langu.

"Hakutaka kunieleza uliyomwambia. Alinieleza mambo ya mawazo tu, kwa jumla." Akatupa ganda kwenye beseni. "Hata mimi nilipokuwa na mimba ya huyu mumeo, mama mkwe wangu alikuwa akionja chakula changu mbele ya wageni. Nilikuwa nalia shambani, kwenye kahawa, ambako hanioni. Mumeo alizaliwa mwembamba kama mua. Siku zote nikasema ni kwa sababu baba yake ni mwembamba."

Alinitazama kwa upande.

"Nitakuwa nashinda kwa wifi yako Buswelu siku nyingine, upumue. Lakini ule mchuzi, mwanangu, tutauzungumza ukishajifungua."

Binti yangu alikuja wiki kadhaa kabla ya siku aliyopangiwa, mdogo kidogo, mwenye sauti ya mpiga debe. Kama ni moshi, kama ni mawazo, au kama ni haraka zake tu, hakuna aliyeweza kuniambia, na nesi yule hakujifanya anajua. Aliniambia nile dagaa, maziwa na mchicha kwa wingi, nipige deki kwa maji badala ya kufagia kavu, ninyonyeshe. Tukafanya hivyo.

Jirani alipata eneo la mawe mbali na nyumba. Huko anafanya kazi amefunga uso, na mkewe hamfungulii mlango mpaka amebadili nguo kwenye kibanda cha nje. Walikwangua udongo wa ua ule, wakaletewa kifusi kipya, wakamwaga zege. Mtoto wao walimpeleka hospitali kubwa, damu ikachukuliwa ikapimwe mbali, majibu yakaja yakiwa mabaya kiasi ambacho mama yake hakutaka kunitajia. Maneno yalianza kumjia baadaye, moja moja, na mengine bado anayatafuta. Masomo ya darasani anahitaji mwalimu wa kumfundisha upya, na mume wangu humfundisha, uani kwetu, kila Jumamosi asubuhi. Wote wawili hukaa kwenye mkeka na kuhesabu kwa mawe, na mtoto akikosea huwa anamtazama mwalimu kwa ukali, kama aliyekosea ni huyo mwalimu.