Kaka Alivyoingia Chamazi

Kaka yangu mkubwa analipwa kuvamia kompyuta za watu, kwa idhini yao wenyewe, awaonyeshe mwizi angepitia wapi. Kazi hiyo imemharibu. Hata akija kula pilau kwangu Ubungo, macho yake yako kwenye komeo la dirisha.

Mama anaishi peke yake Chamazi. Alipoteleza akienda kuwasha pampu ya kisima, kaka akaanza wimbo wa kumhamishia kwake Kimara. Mama hataki, na mimi niko upande wa mama. Nikafunga kakompyuta kadogo kando ya swichi ya pampu. Nikiwa zangu Ubungo nalogini humo kwa mtandao, naandika amri moja, tangi la Chamazi linajaa. Kaka akakatazama kwa dharau.

"Nikiingia humu, mama anahamia kwangu. Sawa?"

Kwa kiburi changu nikakubali.

Alihangaika wiki nzima akiwa kwake. Alibahatisha neno la siri kwa jina la bibi, kwa timu anayoshabikia mama, hata kwa yale maneno tuliyoandika kwa rangi ukutani Chamazi: nyumba hii haiuzwi. Asilolijua ni kwamba neno la siri nililiondoa kabisa. Kompyuta ile iliutambua ufunguo wa kidijitali uliohifadhiwa kwenye kompyuta yangu tu. Majaribio yake yote nilikuwa nayaona, nikamwandikia: "Braza, pole na kazi."

Ndipo akamtuma mwenzake wa kazini aende Chamazi, ajifanye fundi. Bwana yule akampa mama shikamoo ya kuinama, akasema amekuja kukagua mashine. Mama akamwambia akae kwanza, akamwekea chai na mihogo, wakaongea mpaka habari za kwao Mtwara. Kisha mama akampeleka mwenyewe kwenye pampu, akamshikia na tochi wakati anachomeka waya wake. Mchana ule pampu ikawaka kwa amri ya kaka, bila mimi.

Niliumia, sitaki uongo. Jumapili tukaenda kumwambia mama afungashe.

"Mama, umemwingiza mtu usiyemjua," kaka akaanza, kwa sauti yake ya ofisini.

"Simjui vipi? Mama yake anasumbuliwa na miguu kama mie. Wewe unayefanya naye kazi ulishawahi kumuuliza?"

Hakuwahi.

"Angekuwa mwizi je, mama?" kaka akauliza.

Mama akaweka kikombe chini. "Nilipougua nilikaa kwako Kimara. Geti, kamera, nyaya za umeme juu ya ukuta. Siku zote zile hakuna aliyenibishia hodi. Baba yenu alipofariki, hapa nilibishiwa hodi mpaka nikakosa nafasi ya kulia. Mnataka nikakae pasipoingia mtu? Subirini basi nife, mtanipeleka."

Kaka, ambaye hulipwa kwa kutafuta pa kuingilia, alikosa. Akainamia chai yake, na nikamwona anafuta macho kwa mgongo wa mkono.