Skrini ya Wodi ya Wazazi

Mwanangu, wewe unayeanza kazi ya kompyuta, iko asubuhi moja ya masika ambayo mpaka leo haijanitoka kichwani.

Nilikuwa kijana, fundi katika hospitali moja huku Ngara. Mkubwa wetu alikuwa Mzee Gervasi, mtu wa Biharamulo, mpole, asiyependa kazi ya kulipua. Majibu ya maabara yalihifadhiwa kwenye kompyuta kubwa ya zamani iliyokuwa na chumba chake. Skrini zake za asili zilishakufa, kwa hiyo wodini tuliweka kompyuta za kawaida zenye programu ya kuziiga. Ile kubwa ikadhani bado inaongea na skrini zake za zamani.

Siku hiyo mimi na Mzee tulikuwa Kaniha kwa kazi nyingine. Hospitalini alibaki mwenzangu Leonidasi, fundi mwerevu kuliko mimi. Wodi ya wazazi ilikuwa imepelekewa kompyuta mpya, na asubuhi mkunga akamwita: maandishi yanapandana, mistari imehama. Leonidasi akazima, akawasha. Maandishi yakanyooka karibu yote, ila mistari ya chini ilikuwa haifutiki vizuri ukitoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine. Akamwambia mkunga aendelee tu, ataimalizia baadaye. Walikuwa wanamhitaji kule dawa zinakotolewa.

Haukupita muda akaletwa mama kutoka Bukiriro, jina lake Ansila. Alijifungulia njiani na damu ilikuwa inamtoka. Wakampima damu. Mkunga alipofungua jina lake, alisoma kwamba damu yake inatosha. Kumbe lile lilikuwa jibu la mgonjwa wa kabla yake, skrini haikulifuta, na jibu la Ansila halikuonekana popote. Wodi ilikuwa imejaa. Wakamtundikia maji, wakangoja. Walipotambua kwamba alihitaji kuongezewa damu, alikuwa ameshakata kauli. Mtoto alipona. Mama hakupona.

Tuliporudi, Mzee hakufoka. Alivuta kiti, akaitazama ile skrini, kisha akafungua mipangilio ya programu, akatuonyesha. Programu ilikuwa inajitambulisha kwa kompyuta kubwa kama skrini ya aina nyingine. Kila ikiambiwa ifute mstari, haikuielewa ile amri. Alibadilisha aina tu, basi, kila kitu kikakaa mahali pake.

Leonidasi alisema alidhani ni hitilafu ndogo.

“Ingekuwa giza tupu,” Mzee akamjibu, “mkunga angetembea mwenyewe mpaka maabara. Wewe ulimwachia skrini inayosomeka.”

Baada ya mazishi tulikwenda Bukiriro, sisi watatu. Mume wa Ansila aliitwa Mathiasi, mkulima, wazazi wake walikuja na wakimbizi kutoka Burundi. Tulimwamkia mama yake shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Alikuwa amempakata yule mtoto. Leonidasi alieleza mwenyewe, hakuficha kitu. Hakuna aliyemsaidia.

Mathiasi alisikiliza mpaka mwisho. “Hiyo mashine bado mnaitumia?” akauliza.

“Tunaitumia,” Mzee akasema.

“Basi wake za watu bado wanalazwa pale.”

Hakutusindikiza. Leonidasi aliacha kazi muda mfupi baadaye, akaenda kulima Kibimba. Tukikutana mnadani tunajuliana hali za nyumbani. Habari za kompyuta haniulizi.

Ndiyo maana nakuambia, mwanangu. Skrini ikikuchanganyia maandishi, usikimbilie kuzima na kuwasha, na usiihukumu mashine ya zamani kwamba imechoka. Tazama kwanza programu inajitambulisha kama nini, na ile kubwa inategemea kuongea na nani. Fungua majina mawili, moja baada ya jingine, uone kama la kwanza limeacha kitu nyuma. Kama hujapata sababu, ifunge kabisa, uwaambie wauguzi wafuate majibu maabara kwa miguu. Watakulaumu kwa kuwachelewesha. Kubali lawama hiyo.

Mungu akulindie mikono yako na wote watakaotegemea ulichokigusa. Akujalie usibishe hodi katika nyumba ya mtu kwa habari kama ile tuliyoipeleka sisi.