Malahaba ya Baba

Miaka ile ya soko huria, mitumba ilipoanza kufika mpaka kijijini kwetu Kaengesa, mdogo wangu wa kike alikuwa chuo kikuu nje ya nchi, akisomea kutibu watu waliopotewa na usemi. Mimi niliishia darasa la saba. Yeye alilelewa na shangazi Morogoro tangu mdogo, na Kiswahili chake kilinyooka kama cha redioni.

Alikuja likizo mwezi wa saba, na redio ya kaseti na daftari. Baba alikuwa amepata kiharusi wakati wa mavuno. Mdomo ulipinda, akanyamaza. Akiamkiwa shikamoo aliinua kidole tu, mpaka jirani wakaanza kupita bila kumwamkia, na hilo lilimuumiza kuliko mguu uliokufa ganzi. Mdogo wangu akasema hataondoka kabla baba hajaitikia.

Kila asubuhi alimkalisha juani na koti lake, kaseti ikirekodi, mimi pembeni napukuchua mahindi. Siku ya tatu baba akaitikia kwa shida: "Malahaba."

Mama alilia. Mdogo wangu akaandika kwamba mgonjwa amepoteza sauti ya r, akaanza kuitafuta. Ulimi juu, vuta pumzi, nguruma kama pikipiki. Baba akanguruma, mate yakamtoka.

Mimi nilijua. Baba hakuwahi kuwa na hiyo r. Nyumba nzima hatuna; kilugha chetu hakina. Hata mimi nikiwa na haraka nakaanga kalanga. Nilinyamaza siku nne, na sitaficha sababu: nilitaka kumwona msomi akikosea.

Siku ya nne ya kunguruma, baba akaniona nimeziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika kwa kicheko. Akamgeukia mtaalamu wake, akasema polepole, "Mwanangu, hiyo sikuzaliwa nayo."

Ilikuwa sentensi yake ya kwanza tangu augue. Mdogo wangu alitazama kwanza kama kaseti inazunguka, kisha akakata ukurasa mzima kwa kalamu, akicheka. Jioni jirani alipita, akaambiwa aamkie. Akapata malahaba yake, na hakuna aliyeisahihisha.

Baba alifariki mwaka uliofuata. Kaseti ninayo mimi. Baada ya sentensi ile husikika mwanamke akikohoa kikohozi cha uongo. Mdogo wangu akiuliza ni nani, mimi humwambia ni mama.

Si mama.