Shangazi na Inchi Moja na Nusu

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Vipimo. Akikuona unapita mara moja tu, anajua kiuno chako, anajua na kama umenenepa, na atakuambia mbele za watu. Vipimo vyake mwenyewe kavishika kichwani miaka thelathini: bega mpaka kisigino, inchi hamsini na sita. Kwa hiyo gauni lake jipya lilipoburuza sakafuni, aliyelaumiwa ni muuza vitambaa.

"Kaniuzia kitambaa kinachotanuka, tapeli yule!"

"Shangazi, hebu simama nikupime," nikasema.

Alinuna, lakini alisimama. Hamsini na nne na nusu. Nikapima tena, ikawa ile ile. Hapo ndipo alipokiri kwamba mgongo unamsumbua tangu mwaka jana, na asubuhi huchukua robo saa kutoka kitandani. Nami nashinda naye chumba kimoja cha kazi, nisijue! Mwanamke mbishi, na nampenda hivyo hivyo.

Hospitali alikwenda shingo upande. Daktari alituonyesha picha: kati ya pingili za uti wa mgongo kuna vitu laini kama mito, na miaka inavyokwenda hukauka, vikawa vyembamba, mtu akapungua kimo.

"Ni umri, mama, kama mvi. Wapo wenye mgongo kama huu na hawaumwi popote."

Shangazi aliuliza kuhusu dawa. Akauliza kuhusu godoro. Swali lenyewe hakuliuliza, ila alikuwa ameufinya mkono wangu mpaka unauma, basi nikamuulizia.

"Daktari, aache kushona?"

"Aache kwa nini? Akikaa bure ndiyo atakakamaa zaidi. Ashone, ila kila nusu saa ainuke atembee. Kule kuinama mezani kukata vitambaa ndiko amwachie mwingine."

Tulipofika nje, shangazi alilia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia.

"Nilidhani nikija watanitoa kwenye cherehani," alisema.

Kukata alikuwa hajawahi kumwachia mtu. Ukikosea kushona unafumua, lakini ukikosea kukata, umeharibu mali ya watu. Kesho yake alitandaza mezani kitambaa cha bibi harusi, akanikabidhi mkasi, akaketi. Niliufungua mkasi, nikamgeukia.

"Usinitazame mimi," alisema huku anafuta macho. "Tazama kitambaa. Kata."