Nilimzungusha mama mkwe Tunduma nzima kutafuta alipoanzia Buni

Wakuu, heshima kwenu wote, wa kike kwa wa kiume.

Mimi humu ni msomaji tu wa miaka mingi, nacheka na stori zenu huku mguu uko kwenye cherehani. Leo zamu yangu. Haya yametokea Jumamosi iliyopita hapa Tunduma, mchana kweupe, mashahidi wapo, na sijaongeza kitu. Kuna sehemu mtaona haiwezekani. Hata mimi nilikuwepo na niliona haiwezekani.

Nianze na wahusika.

Mimi ni mwenyeji wa Muheza, Tanga. Fundi cherehani. Nimeolewa na dereva wa lori, Mnyiha wa Iyula kule Mbozi, na tunakaa hapa Tunduma, mtaa wa Sogea.

Mama mkwe wangu ni mkulima wa kahawa huko huko Iyula, mwanakwaya wa siku nyingi, mama mmoja mrefu, mkimya, akikaa kwenye kiti mgongo haugusi nyuma.

Na wa tatu ni Buni. Huyu mnamjua. Kwa asiyemjua (sijui unaishi wapi), ni yule msanii anayevaa kofia ya sufu hata akiwa Dar kwenye joto, aliyeimba wimbo wa foleni ya malori mpakani. Mtoto wa Mbozi, lakini muziki alianzia hapa Tunduma, hajulikani na mtu.

Lafudhi ya nyumbani hajaitupa. R kwake ni L. Kwenye kiitikio anasema "maloli", na sasa nchi nzima mpaka watangazaji wanasema maloli.

Sasa tuendelee.

Tangu niolewe, mimi na mama mkwe maongezi yetu yalikuwa hivi. Shikamoo mama. Marahaba. Za Iyula? Nzuri. Basi. Akija mjini anakaa kidogo, anakunywa chai, anashukuru, anaondoka na gari la mchana.

Wakuu, nilijua hanitaki. Nikajipa na sababu: mwanamke wa pwani, jembe hajui, kwao mbali. Nikawa nampikia vizuri, namsalimia vizuri, halafu najificha kwenye cherehani. Mume wangu nikimwambia anasema mama yake ndivyo alivyo. Wanaume bwana.

Wiki iliyopita mama akaja kumsubiri mwanae. Kahawa imeshauzwa, shamba limepumzika, ana nafasi. Lakini lori la mume wangu likakwama Kasumbalesa, kule mpakani mwa Zambia na Kongo. Akapiga simu akasema tumvumilie.

Kwa hiyo tukabaki wawili ndani ya nyumba. Mimi na ule ukimya.

Ijumaa jioni nashona magauni ya harusi ya watu, redio iko juu, wakapiga wimbo wa Buni. Mara nikasikia sauti ya pili inatokea jikoni. Nikadhani ni redio ya jirani. Nikapunguza sauti.

Ilikuwa mama mkwe, anachambua mchele na kuimba. Si kiitikio tu, beti zote, pamoja na ile sehemu ya katikati anayoimba haraka haraka ambayo mimi huwa naisema nya nya nya.

Nikachungulia. Akanyamaza, macho kwenye ungo.

Nikarudi kukaa. Ikapita dakika, akanifuata mwenyewe mpaka mlangoni, akaniuliza kama alipoanzia huyo kijana ni mbali na hapa.

Wakuu, hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza kwangu tangu niolewe.

Nikamwambia si mbali, kesho nakupeleka. Ukweli nilikuwa sijui hata pa kuanzia.

Jumamosi asubuhi nikafunga fremu yangu ya kushonea. Mama akatoka chumbani amevaa gauni la kanisani, kitenge kipya kiunoni na kilemba kimesimama. Nikaona hapa hakuna utani. Na mimi nikarudi ndani nikabadilisha dera.

Tukachukua bajaji mpaka Majengo, kwenye saluni ya kunyoa ambayo kila mtu anasema Buni alikuwa anafagia nywele.

Tatizo, saluni ziko mbili. Zinatazamana. Zote zimeandika mlangoni kwamba Buni alianzia hapa.

Wa upande wa kulia akatutolea kiti cha mbao, akasema hiki ndicho alikuwa anakalia. Wa kushoto akasema kiti hicho kimenunuliwa juzi, yeye ana kioo alichokuwa anajitazama. Wakaanza kurushiana maneno barabarani, watu wakajaa. Mimi nacheka nimeshika nguzo.

Mama akainua mkono, wakanyamaza. Akauliza swali moja tu: alikuwa anaimba nini akifagia?

Wa kulia akasema alikuwa anaimba vizuri sana, wateja walikuwa wanalia, na yeye ndiye alimwambia utakuwa staa.

Wa kushoto akajikuna kichwa, akasema hakumbuki, ila alikuwa anamwambia anyamaze, maana anapiga kelele na wateja wanakatwa masikio kwa kushtuka.

Mama akaingia kwa wa kushoto. Akasema huyu ndiye wa kweli, mwongo hajisemi vibaya. Akajitazama kwenye kioo, akaweka kilemba sawa. Nikampiga picha. Kwenye picha anacheka mpaka pengo la nyuma linaonekana. Sikuwahi kujua kama kuna jino limeondoka kule.

Yule kinyozi ndiye akatuelekeza studio.

Studio ya kwanza ya Buni ilikuwa chumba cha uani nyuma ya maduka ya vipuri, huku karibu na mpaka. Tumefika, tukakuta wanauza vifaranga.

Mwenye duka ni mama wa Kizambia kutoka Nakonde, wanamwita Bana Mutale. Alipomwona mama mkwe akamwita mayo, yaani mama kwa Kibemba, akatukaribisha hata kabla hatujasema shida yetu.

Ndani ukutani, kuanzia chini mpaka juu, zimebandikwa trei za mayai. Wenye studio za uchochoroni mnajua, zile zinazuia mwangwi. Bana Mutale akasema alipopanga kile chumba alizikuta, akaona huu ni mkosi gani au baraka gani, muuza kuku anapewa chumba cha trei. Akaziacha.

Mama akasogea kwenye kona alikokuwa anasimama Buni kurekodi. Vifaranga wanalia chini, mamia. Akasimama pale na kuzigusa zile trei na vidole, moja moja.

Halafu akasema jaribu lile neno la kwanza, akimaanisha la ule wimbo. Ananiambia mimi! Nikajaribu. Nikatoa sauti kama mlango. Bana Mutale akacheka mpaka akakaa kwenye mfuko wa chakula cha kuku. Mama naye. Na mimi. Kila mmoja akitulia, kifaranga kinalia, tunaanza upya.

Nilikuwa na furaha ya kipuuzi kabisa, kama mtoto aliyetoroka shule.

Kituo cha tatu ndicho kizito.

Kuna ukumbi wa zamani mtaa wa Maporomoko. Ndipo Buni alipopanda jukwaani mara ya kwanza. Siku hizi ni ghala la mahindi. Tumefika, malori mawili yanapakia, makuli wanapishana na magunia, vumbi jeupe kila kona. Msimamizi, baba mmoja wa makamo, akasema hapana, hapa si pa kutembelea, gunia litawaangukia.

Nikamwambia mama basi, tupige picha nje. Yeye akamgeukia yule baba na kumsalimia kwa Kinyiha. Wakaanza. Waliongea wao kwa wao, mikono inaonyesha milima, nikasikia Ihanda, nikasikia Iyula. Wakuu, mama mkwe wangu alikuwa anaongea kama redio! Anatania, anauliza, anajibu. Nilimtazama kama mtu nisiyemjua.

Tukaingia.

Jukwaa bado lipo mwisho kule, la saruji, nusu lina magunia. Yule msimamizi akatueleza kwa Kiswahili ili na mimi nisikie. Siku ile alikuwepo, alilipa kiingilio kumwona msanii mwingine. Buni alipewa nafasi ya kuanza. Alipofika kwenye "maloli", ukumbi mzima ulilipuka. Watu walimwiga, wakapiga miluzi, wengine wakamwambia arudi akachume kahawa. Msimamizi akasema hata yeye alicheka.

Buni hakushuka. Alisubiri wamalize kucheka, akarudia mstari ule ule, vile vile. Maloli. Wakacheka tena. Akarudia. Mara ya nne au ya tano hakuna aliyecheka, walikuwa wanaitikia.

Mama alisikiliza bila kupepesa. Akamwuliza msimamizi: "Hakulekebisha?"

"Hakurekebisha, mama."

Akanipa mkoba wake. Akapanda jukwaani.

Nilidhani anataka picha. Nikatoa simu. Kumbe anajisafisha koo.

Akaimba, wakuu. Kwa sauti ya kwaya ya Iyula, ile inayotoka tumboni bila kipaza. Ghala likajaa. Kuli mmoja alikuwa na gunia begani, akasimama nalo hivyo hivyo. Alipofika kwenye kiitikio, akasema MALOLI kwa nguvu zote, na makuli wote wakamjibu. Magunia yakawekwa chini. Madereva wakaingia kutoka nje. Watu wanapiga makofi, mwingine anapiga debe. Mama anacheza kwa kukanyaga taratibu, kilemba hakitikisiki.

Mimi nikapiga vigelegele mpaka nikakosa pumzi, nikataka kumfuata jukwaani, nikateleza kwenye mahindi yaliyomwagika, nikakaa chini puu. Hakuna aliyenitazama. Nikaitikia nikiwa chini pale pale.

Alipomaliza, walimshusha kwa kumshika mikono kama bibi harusi.

Tukatoka tukaenda kwa mama lishe mmoja hapo jirani, tukaagiza ugali na kapenta, wale dagaa wa huku. Tumeanza kula tu, simu ya mama mkwe ikalia. Mwalimu wa kwaya, Iyula. Kuna mtu ghalani alirekodi video, ikaruka, imeshaingia kwenye kundi la kwaya.

Mama akanipa simu nipokee mimi. Anaogopa atasimamishwa kwaya kwa kuimba wimbo usio wa kanisa. Nikaweka sauti wazi. Mwalimu akasalimia, akasema ameona. Halafu akasema kwa miaka yote mama huyu anaimba mstari wa nyuma kwa sauti ya chini, kumbe sauti ile anayo. Jumapili akirudi asimame mbele.

Nilipokata simu, mama alikuwa ameangalia sahani. Akasema, na hapa naandika kama alivyosema:

"Mkamwana, mimi nilikuwa nakuogopa."

Nikasema mimi? Unaniogopa mimi?

"Wewe Kiswahili chako kinateleza kama maji. Mimi nikifungua mdomo nasikia kinatoka kimepinda. Nikasema huyu atanicheka na mashoga zake. Bola ninyamaze. Siku nimemsikia huyu kijana ledioni anaongea kama mimi, na watu wanacheza, nililia jikoni peke yangu."

Wakuu, niliacha kula.

Nikamwambia nilichokuwa nafikiria mimi. Kwamba hanitaki kwa sababu sijui jembe. Akanitazama sana, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka mama lishe akaja kuangalia kama kapenta ina kitu. Akasema jembe hata yeye halipendi.

Mume wangu akapiga muda huo huo. Akasikia tunavyocheka wote wawili, akakata. Akapiga tena, akauliza amepiga namba ya nani.

Mimi nilichojifunza, na sijui kama ni kikubwa: ukimya wa mtu usiutafsiri mwenyewe. Nilimsoma mama wa watu miaka yote, nikajiona nimeelewa, kumbe kila mmoja yuko upande wake wa ukuta anamwogopa mwenzie. Na kwa sisi wa pwani tunaocheka lafudhi za watu humu mitandaoni, wengine tunawafunga midomo mpaka majumbani mwetu.

Haya, tiririkeni. Wenye mama wakwe wakimya mseme, na wa Tunduma mnaojua sehemu nyingine za Buni nitajieni, maana mama ameshaniambia Iyula harudi mpaka tuzimalize.

Nimemwambia naandika kwa watu wengi sana, nikamwuliza niwaambie nini. Amefikiri, amesema nisiandike kwa niaba yake. Anataka nimrekodi, aseme mwenyewe.