Kinu Kitupu

Siku moja kabla wenye bunduki hawajafika kwetu, mimi na kaka yangu Akimu tuligombania ukoko. Yeye sauti ilikuwa imeshaanza kukwaruza, mwanamume anakaribia, na bado anagombania ukoko na mtoto mdogo! Bibi akaukwangua kwa mwiko, kipande kikubwa akanipa mimi. Akimu akanuna. Bibi akamwambia, "Nuna utakavyo, ila kuni ukate." Akacheka, akaenda kukata kuni. Ile ndiyo ilikuwa siku yetu ya mwisho ya kawaida, na mimi nililala nimeshiba.

Kijiji chetu kiliitwa Chilolo, ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji. Baba alikwisha kufa. Shule ilikwisha kuungua. Wenye bunduki walikuwa wakija alfajiri, wanachukua chakula, kisha wanachukua watu wa kukibeba hicho chakula, vijana hasa. Kwa hiyo kijiji kizima tulikuwa tunalala porini, kule kwenye mianzi juu ya bonde, na asubuhi hakuna aliyerudi mpaka asikie kinu cha bibi.

Bibi, mzaa mama, hakulala porini. Miguu ilikuwa imemvimba, hakuweza kupanda wala kushuka. "Mifupa hii wataifanyia nini?" ndivyo alivyokuwa akisema. Alibaki peke yake nyumbani. Kukikucha salama, anamimina mtama kwenye kinu anatwanga, nasi tunarudi. Asipotwanga, tunakaa tulipo. Na wanawake walikuwa na neno lao jingine walilokubaliana: kinu kikitwangwa kitupu, kimbieni.

Aliyekulia kwenye kinu hahitaji kufundishwa tofauti. Chenye nafaka kinatoa sauti nzito, ya chini. Kitupu ni mti juu ya mti, kinaumiza meno. Wanaume nao waliambiwa, lakini kuambiwa si kusikia. Kwetu mvulana hatwangi. Akionekana ameshika mchi, wenzake watamcheka mpaka mtoni. Lishikeni hilo, maana mama yangu amezikwa nalo.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito. Kinu kikalia.

Watu wakaanza kukunja mikeka. Mama akainua mkono.

"Kitupu," akasema.

Wanawake wakabeba watoto.

Akimu alikuwa amekwisha kusimama. Mama akamnong'oneza, "Akimu, kaa. Akimu!" Alimtazama mama. Alinitazama na mimi. Kisha akageuka, akateremka kuelekea kijijini. Hakukimbia. Alitembea.

Mama hakuweza kumwita kwa sauti.

Ukungu ukamfunika.

Tukaondoka. Kinu kiliendelea kulia nyuma yetu, muda mrefu, hata tulipovuka kilima bado kilikuwa kinalia, na mama anatembea huku anasema, "Wanamlazimisha mama yangu. Jamani, wanamlazimisha." Sikuwahi kumwona tena bibi. Sikuwahi kumwona tena Akimu.

Ruvuma tulivuka maji yakiwa kiunoni mwa mama, mimi mabegani. Tulipokelewa Namasakata, upande wa Tanzania, tukalima vibarua kwa watu, baadaye mama akasikia Songea kuna kazi na baridi, akasema baridi haiui kama risasi. Ndiyo tukahamia hapa Lizaboni. Hapa nimeota meno ya utu uzima, nimeolewa, nimeachika, nimemzaa Zuhura. Nauza dagaa wa Nyasa sokoni, na anayetaka kujua mdomo wangu ukoje aje apunguze bei.

Lakini nyumbani kwetu hapakuwa na kinu. Kisamvu tulinunua kilichokwisha kutwangwa. Jirani akianza kutwanga, mama anaingia ndani na kufunga mlango. Akitoka anasema lile lile alilosema maisha yake yote: "Yule mtoto hakuwa na sikio la kinu. Ningempa mchi hata siku moja tu, angejua. Niliona aibu watu watacheka."

Na hitima hatukumsomea. Mtu hasomewi hitima na hajulikani aliko. Kila Ramadhani mama aliombea wafu wake kwa majina, baba, bibi, wajomba, na akifika kwa Akimu anaombea mwenye safari.

Uraia alikataa katakata. Wenzetu wa kutoka ng'ambo waliomba, wakapata, wakamshauri na yeye. Akawajibu, "Ukiomba wanakutaka uukane ulikotoka. Nikiukana, Akimu akirudi Chilolo akauliza, ataambiwa mama yake ni nani? Mtanzania wa Songea?" Nilimheshimu. Tukaishi kwa vibali. Kibali kikikaribia kuisha, na usingizi unakwisha.

Mama alipofariki, tukamzika hapa hapa. Nikakaa, nikafikiri, nikasema basi. Nimechoka kuwa mgeni mahali nilipomzika mama yangu. Nikaanza safari ya uraia. Balozi wa nyumba kumi akanidhamini, mtendaji naye akanisikiliza. Mama Komba, Mngoni jirani yangu ambaye amenitania tangu tulipofahamiana, aliitwa kutoa ushahidi, akawaambia, "Huyu mkimbizi gani ana kitambi hivi? Alikimbia lini?" Hata mtendaji akacheka.

Kisha nikaambiwa sharti jingine. Jina langu lazima litangazwe gazetini: Atija binti Amade, mzaliwa wa Chilolo, anaomba uraia, na yeyote anayejua sababu ya kumkatalia ajitokeze aseme.

Lo! Nyinyi mliozaliwa kwenye amani hamtaelewa. Sisi tulilelewa kutoitika. Mtu akiita jina lako mlangoni, unanyamaza, unaangalia dirisha. Walikuwa wakifika kijijini na majina tayari, wameyapata kwa mtu, wanaita mmoja mmoja kwa upole kabisa. Aliyeitika hakurudi. Leo mimi mwenyewe niliweke jina langu, na la baba, na la kijiji, mbele ya dunia nzima, halafu niseme anayenijua aje?

Nikaliweka. Ningefanyaje?

Wiki zile sikuishi vizuri. Mteja akisimama mezani bila kusema, natafuta pa kutokea. Pikipiki ikipunguza mwendo mbele ya nyumba, naacha chakula. Zuhura akasema mama unazeeka vibaya. Mama Komba akasema, "Wewe nawe! Nani anasoma gazeti siku hizi? Watu wanafungia vitumbua." Nikamwambia Mungu asikie.

Mungu hakusikia. Au alisikia, sijui.

Alikuja mchana, soko limepoa. Mzee mrefu, kofia ya mkono, anavuta mguu mmoja. Hakutazama dagaa. Alinitazama mimi.

"Wewe ndiye Atija binti Amade, wa Chilolo?"

Sikuitika.

"Nimetoka Nalasi," akasema. "Naitwa Issa. Nimekuulizia tangu asubuhi."

Mikono yangu ilikuwa chini ya meza. Nikawaza, huyu ndiye. Huyu ndiye atakayesema nikataliwe. Sijui nimemkosea nini, lakini ndiye.

Akatoa mfukoni kipande cha gazeti chenye mafuta. Alikuwa amenunua samaki wa kukaanga Nakapanya, akafungiwa ndani ya jina langu.

"Ulikuwa na kaka," akasema. "Akimu."

Mama Komba, ambaye meza yake ipo mkabala na yangu, aliniona nimekaa chini juu ya gunia. Akaja mbio na kigoda, akampa mzee. Ndipo nikakumbuka adabu. "Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mdogo wangu."

Akaeleza taratibu, macho yapo kwenye mguu wake. Alikuwa kijana wa kijiji cha jirani, alikamatwa siku mbili tatu kabla hawajafika kwetu, akafungwa kamba kiunoni pamoja na wenzake, wabebe mizigo. Asubuhi ile alikuwa amekaa nyuma ya jiko letu na gunia. Wenye bunduki walishasikia habari ya kinu. Wakamwamuru bibi atwange watu warudi. Bibi akakubali haraka, akashika mchi. Hawakutazama ndani ya kinu. Wangejuaje? Walikuwa wanaume.

"Akatokea kaka yako kwenye ukungu," akasema mzee Issa. "Peke yake. Mikono juu. Akasema, mwacheni bibi, mimi nina nguvu, nitabeba."

"Hakujua," nikamwambia. "Alidhani ni salama. Hakuwa na sikio la kinu."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu aketi.

"Alijua. Tulifungwa kamba moja, tulitembea pamoja. Nilimuuliza, wewe mjinga ulirudi kufanya nini? Akanijibu, nilisikia kinu kitupu, nikajua wako kwa bibi, na bibi hana mtu."

Sokoni kulikuwa na kelele zake, sikusikia hata moja.

"Alijuaje?" nikauliza. "Hajawahi kutwanga."

"Alisema alikuwa anamtwangia bibi yake kwa kificho, miguu ikimuuma. Mlango umefungwa, wenzake wasione."

Nikauliza na la bibi. Akasema walimwacha. Waliona amezeeka na kijana wamempata. "Lakini hakuacha kutwanga. Walimwambia basi, bibi, inatosha. Akaendelea. Tulipofika mbali bado tunamsikia. Wao wakawa wanacheka, wanasema kazeeka amechanganyikiwa."

Sisi nasi tulimsikia, upande wa pili wa kilima. Alikuwa anatufukuza, jamani. Alikuwa anatuambia twende.

La Akimu nililiuliza mwisho. Akasema mguu wa Akimu ulioza njiani, mzigo ukamshinda. Na asiyeweza kubeba hakuachwa nyuma akiwa hai. Ilikuwa karibu na mto mdogo wenye mawe mekundu, mzee hakujua jina lake. Hawakuruhusiwa kumzika. Walimfunika majani walipopita, kila mmoja jani lake.

Mzee Issa alikataa nauli, alikataa hata dagaa. Alisema kwa miaka yote alidhani watu wa Chilolo wamekwisha wote, na alikuwa na amana ya maneno asijue ampe nani. Mama Komba alimsindikiza mpaka stendi. Mimi nilibaki juu ya gunia.

Baada ya muda niliitwa kwenye mahojiano. Kijana mpole, miwani, aliniamkia vizuri. Aliniuliza kazi, aliniuliza makazi, akaniuliza kama niko tayari kuukana uraia wa mwanzo. Nikasema niko tayari. Kisha akasema, "Mama, hapa mwanzoni ulieleza una kaka mmoja Msumbiji. Bado yupo?"

Swali hilo mama alilikimbia maisha yake yote.

"Hayupo," nikasema. "Amefariki."

"Pole sana, mama. Ni hivi karibuni?"

Nikasema ndiyo, hivi karibuni.

Uraia nimepata. Niliapa nimeinua mkono, Zuhura analia, Mama Komba anapiga vigelegele mpaka wakamnyamazisha. Nashukuru, na shukrani yangu ni ya kweli. Lakini hasira ninayo na sitaificha. Mama alikufa akijilaumu kwa kosa ambalo halikuwepo. Mwanawe alikuwa na sikio, alikuwa nalo kuliko sisi sote, na aliyelijua hilo alikuwa Nalasi, mwendo wa gari tu, anapalilia mikorosho. Hilo linaniuma kuliko risasi zote. Nilikwenda kaburini nikamweleza mama kila kitu kwa sauti. Haitoshi. Alitakiwa asikie akiwa hai.

Hitima ya Akimu na bibi tumeisoma pamoja, hapa nyumbani. Mzee Issa alikuja kutoka Nalasi. Asubuhi ya siku hiyo nilimwomba Mama Komba kinu. Alinitazama, maana ananijua, hakutania. Alikibingirisha mwenyewe mpaka uani kwangu.

Nikamimina mahindi kwanza. Nikayagusa kwa mkono kuhakikisha yapo. Kisha nikatwanga.

Nilitwanga mpaka Zuhura akatoka jikoni. "Mama, yameshalainika. Mbona huachi?"

Nikamwambia aniache kidogo, kuna watu wako mbali.