Vidonge vya Kiungulia

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, hina ya harusi bado imo mikononi, mume wangu Salim aliponituma kumnunulia vidonge vya kiungulia. Alikuwa karani bandarini Kilindini, mtu wa kula akikimbia. Kila akimaliza kula alivitafuna kama peremende, nami mgeni wa ndoa nikadhani ndivyo wanaume walivyo.

Duka la dawa lilikuwa la Bi Rukia, mama wa makamo. Nilimwamkia, akaitika, kisha akanitazama. "Si juzi tu ulichukua chupa nzima? Atumia nani?"

Nikamwambia.

"Basi sikiza, mwanangu. Tumboni mna asidi ya kusagia chakula. Ikipanda kifuani, huchoma. Dawa hii huivunja ukali, mtu akapumua. Ukishiba pilau ya harusini, yatosha. Lakini anayeitafuna kila siku ana jambo huko ndani. Dawa hii hupoza, haitibu kidonda. Mwambie aende kwa daktari."

Nilipomweleza Salim, alikasirika. "Sasa watangaza tumbo langu madukani?"

Chumba kilikuwa kimoja, lakini tangu siku ile kila mmoja wetu aliishi peke yake humo. Mficha maradhi, kilio humfichua. Haukupita muda akatapika kitu cheusi mfano wa machicha ya kahawa. Nilipiga ukelele, majirani wakaja, tukamkimbiza hospitali. Kumbe tumboni mna kidonda, kinavuja damu.

Alipopata nguvu ya kusema, alinishika mkono. "Niliogopa, mke wangu. Sikujua nianzie wapi kukwambia."

Alitibiwa akapona, tukaishi miaka mingi, alhamdulillahi. Sasa ametangulia mbele ya haki, na watoto wetu wote wapo Uarabuni. Siku nyingine kiungulia hunishika mimi. Hutafuna kidonge kimoja, kikatulia. Ila hakuna wa kuniuliza, "Leo waonaje?" Na hilo, mwanangu, halina kidonge.

Kwa hivyo shika neno langu. Kiungulia cha siku moja kitulize kwa dawa. Kikikuandama, au ukiona choo cheusi kama lami, usikae nacho, nenda hospitali. Na ukiwa na mtu wa kumwambia panapokuuma, mwambie angali yupo. Mola akujaalie afya, akupe na wa kukujulia hali hata uzeeni. Amin.